Picha Iliyonyooshwa

Ukumbi mzima ulikuwa ukipiga makofi, isipokuwa mtu mmoja, na huyo ndiye aliyestahili kufurahi kuliko wote.

Chepkorir alisimama mbele ya picha yake mikono ikining'inia, upindo wa sketi yake ya sare umeingia tope la asubuhi. Kwenye kona ya picha palikuwa pamebandikwa utepe mwekundu wa nafasi ya kwanza. Shule zilikuwa zimekuja kutoka Khwisero, Mumias, Lugari na pande zote za kaunti. Watoto walijazana mabenchini, wazazi walisimama hadi mlangoni, na mwamuzi mkuu, mama mmoja mwenye miwani minene, alikuwa bado anamwaga sifa kwenye kipaza sauti.

"Tazameni huyu nyanya anavyopukuchua mahindi! Tazameni mkono wake! Tazameni vidole! Na aliyechora ni mtoto wa darasa la tano!"

Kageha alipenya katikati ya watu uso umemchanua. Alikuwa mwalimu wa sanaa katika shule moja ya msingi kule Lurambi, na Chepkorir alikuwa mwanafunzi wake. Muhula mzima walikuwa wamehangaika pamoja na penseli na mkaa, na leo kaunti nzima ilikuwa inaona. Alifika, akamkumbatia mtoto kwa nyuma, akahisi mabega yake yamekakamaa kama ubao.

"Chepkorir! Hufurahi? Umeshinda, mama!"

"Mwalimu, hii si yangu."

"Si yako vipi? Jina lako si hilo hapo chini?"

"Jina ni langu. Picha si yangu." Mtoto aliongea polepole, macho hayabanduki ukutani. "Gogo ana vidole vinne."

Gogo ndivyo alivyomwita nyanya yake wa Lugari. Kageha alimjua kwa kusimuliwa: mwanamke mrefu, mkali, ambaye mashine ya kupukuchua mahindi ilimkata kidole cha mkono wa kulia zamani, na tangu siku hiyo akaapa kwamba mahindi yake atayapukuchua kwa mikono tu. Chepkorir alikuwa amemchora wakati wa likizo, jikoni kwake. Kageha aliuona mkono ule kwenye karatasi kwa macho yake mwenyewe. Ulikuwa mnene, umepinda, una pengo mahali pa kidole, na vidole vilivyobaki vimelikamata gunzi kama vinalidai kitu. Haukuwa mkono wa kupendeza. Lakini mara ya kwanza Kageha alipouona alivuta kiti akakaa, akautazama kwa muda mrefu.

Mkono uliokuwa ukutani sasa ulikuwa mzuri. Vidole vitano, laini, vimepangika vizuri, kivuli kimetiwa kwa ustadi. Pua ya nyanya ilikuwa imenyooshwa. Hata mstari wa ukuta nyuma yake, ambao Chepkorir aliuchora umelala upande kwa sababu ukuta wenyewe wa jiko la Gogo umelala upande, sasa ulisimama wima kama ukuta wa benki.

Kageha alisogea karibu na picha. Maana aliujua mkono uliofanya kazi ile. Aliijua ile namna ya kumalizia mstari kwa kijimkia kidogo kinachopanda juu. Mkia huo uko kwenye mabango ya vinyozi na ya maduka ya dawa mji mzima wa Kakamega. Uko pia kwenye kadi aliyoificha ndani ya Biblia yake, yenye jina lake kwa herufi za bluu.

Akageuka, akamtafuta kwa macho.

Titus Khaemba alikuwa upande wa pili wa ukumbi, amevaa koti lake la kijivu, akipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Macho yao yakakutana. Siku nyingine zote macho hayo yalikuwa yakimfanya atabasamu bila kutaka. Yalianza hivyo tangu siku ile Titus alipoitwa kuchora nembo ya shule, naye Kageha akamwomba awaonyeshe watoto jinsi ya kuchanganya rangi. Titus alikuja Ijumaa moja, akaja na nyingine, na nyingine tena, hadi watoto wakaanza kunong'ona na kusukumana viwiko kila alipoingia. Juma lililopita alijitolea kuzitengenezea picha zao fremu. Alizichukua zote akaenda nazo kwake, na asubuhi hii akazileta moja kwa moja ukumbini akazitundika mwenyewe. Kageha alimshukuru kwa kumshika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Sasa Titus alimtabasamia, kisha akauona uso wake, na tabasamu likamfia mdomoni.

Kageha alimwonyesha mlango kwa kidevu.

Nje, mvua ilikuwa imeanza kuyapiga mabati ya baraza kwa kishindo. Hakukuwa na mtu ila mama mmoja muuza njugu aliyejikunyata pembeni na ndoo yake. Titus alitoka akifuta mikono kwenye koti, ingawa mikono haikuwa na kitu.

"Uliigusa," Kageha alisema.

"Kageha, hebu kwanza..."

"Uliigusa picha ya mtoto au hukuigusa?"

"Nilinyoosha tu mahali kidogo."

"Ulinyoosha nini?"

"Ule mkono. Ulikuwa umepinda. Na vidole havikuwa vimetimia, nikaona mtoto amesahau. Watoto wanasahaunga. Nikasema, picha nzuri hivi, ianguke kwa sababu ya kidole kimoja?"

"Huyo nyanya ana vidole vinne, Titus."

Titus aliitazama mikono yake mwenyewe.

"Alikatwa na mashine. Mtoto alikaa mbele yake siku nzima akautazama mkono ambao watu wengine wakienda kwao wanauangalia mara moja wanageuza uso. Yeye hakugeuza uso. Alitazama, akachora alichokiona. Hilo ndilo nimekuwa nikimfundisha tangu mwezi wa kwanza. Na wewe ulikuwepo! Ijumaa zote hizo ulikuwa umekaa pale nyuma, unanisikia!"

"Sikujua habari ya mashine."

"Hukuuliza!"

Mama wa njugu aliinua kichwa, kisha akajifanya anapanga vifuko vyake.

"Unamjua huyo mtoto alikuja kwangu akiwa vipi?" Kageha aliendelea. "Alikuwa anachora nyumba kwa rula. Mstari ukienda kombo anafuta, anafuta, mpaka karatasi inatoboka. Ikitoboka analia. Nilimnyang'anya raba. Nilimwambia, hapa kwangu hakuna kufuta, mstari wako ukishauweka umeuweka. Ilimchukua muhula mzima kuniamini. Muhula mzima, Titus! Na leo amesimama pale ndani, anaona mtu mzima amemfuta. Unadhani kesho akishika penseli atafikiria nini? Atafikiria Mwalimu Kageha ni mwongo."

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Usiniambie hivyo."

"Haki ya Mungu, Kageha, nilifanya kwa ajili yetu." Titus alisogea hatua moja, akaona macho yake, akasimama. "Baba yako aliniita."

"Lini?" Kageha aliuliza.

"Jumapili ile ulienda Mumias kwa mazishi. Mzee akanipigia simu niende nyumbani. Mama yako akanipikia obusuma na ingokho, ugali na kuku wa mgeni wa heshima, nikajua leo nimekubaliwa. Tulipomaliza kula akaniuliza nitamtunza binti yake kwa kuchora kinyozi na makasi? Nikamwambia mimi na wewe tunafundisha watoto, hiyo pia ni kazi. Akacheka. Akasema, sawa, kama ni kazi, hao watoto wenu washinde. Wakishinda, nilete wazee wa kwetu tuongee mambo ya ndoa. Wakishindwa, nisikanyage tena pale."

Mvua ilizidi. Kageha alimtazama mwanamume aliyempenda, mrefu, mabega yamemwanguka, chembe ya rangi nyeupe bado imemganda kwenye ukucha wa kidole gumba. Sehemu ya moyo wake ilitaka kumwonea huruma. Akaikataza.

"Na hukuniambia."

"Nilitaka nije nikuambie ikiwa habari njema."

"Kwa hiyo mimi niliwekwa mezani na nyinyi wawili, kati ya sahani za kuku, kama kombe la mpira. Watoto wacheze, mshindi anichukue." Alicheka, kicheko kikavu kisichokuwa na furaha hata kidogo. "Chepkorir amepata utepe, na wewe umepata mimi. Pole sana. Wote wawili mmedanganywa."

"Kageha..."

"Ni picha ngapi?"

Titus alitazama chini. "Zote. Hii ndiyo niliigusa sana."

Kageha aligeuka. Alimpita, bega lake likamgonga, akaingia ndani.

Baba yake, Mzee Elkanah, alikuwa amekaa safu ya mbele, suti ya kahawia, kofia gotini. Alikuwa mwalimu mkuu miaka mingi kabla ya kustaafu, na popote penye wanafunzi alipewa kiti cha mbele bila kuomba. Kageha alichutama kando yake ili wasisikike.

"Baba, ulimwambia nini Titus?"

"Nilimwambia kile ambacho mzazi yeyote angemwambia." Mzee hakushtuka. "Na naona mambo yamemwendea vizuri."

"Amezichora upya picha za watoto. Ndiyo maana wameshinda."

Mzee Elkanah aligeuka, akamwangalia binti yake usoni kwa muda. Kisha, polepole, Kageha akaona kitu ambacho kilimkasirisha kuliko yote aliyoyasikia siku ile: pembe za mdomo wa baba yake zilikuwa zinapanda.

"Unaona sasa," Mzee alisema kwa upole. "Mimi sikumtuma kushika penseli ya mtoto. Nilimpa mlango, akaingilia dirishani. Afadhali umemjua mapema."

"Umefurahi."

"Sijafurahi."

"Umefurahi, Baba. Nakuona. Mtoto wa watu ameibiwa kazi yake, na wewe umefurahi kwa sababu umepata sababu." Kageha alisimama. Hakujali tena nani anasikia. "Titus amekosa, na nitamkasirikia mimi mwenyewe. Sihitaji msaada. Lakini wewe ulimchezesha mtu kamari kwa jasho la watoto wa darasa la tano, ukamwekea mimi kama zawadi, na hukuniuliza mimi wala wao. Ungekuwa bado mwalimu mkuu na mwalimu wako akakufanyia hivyo, ungemwita ofisini."

"Kageha. Punguza sauti."

"Nikiolewa na Titus au nisipoolewa naye, jibu litatoka kwenye mdomo huu hapa. Si kwa waamuzi wa michoro."

Watu wa safu ya pili walikuwa wamegeuza shingo. Hapo ndipo Madam Quinter, mwalimu mkuu wa shule yao, alipofika mbio mbio, mkoba umebanwa kwapani, akamshika Kageha mkono na kumvuta kando ya nguzo. Kageha alimweleza kwa maneno machache. Madam Quinter alifunga macho kama mtu anayeumwa na jino.

"Nani mwingine anajua?"

"Mtoto anajua."

"Mtoto tutamweleza. Sikiliza, Mwalimu Kageha. Zawadi ni rangi na karatasi za mwaka mzima. Shule yote. Wewe ndiye unayelianga kwangu kila siku kwamba watoto wanachora nyuma ya kalenda za zamani. Tumalize sherehe, twende nyumbani, tuongee kama watu wazima."

"Nikapokee rangi kwa uongo, halafu niwafundishe kuzitumia?"

"Bodi ya shule inakaa mwezi ujao kuangalia ni walimu gani wanabaki." Madam Quinter hakusema kwa ubaya, alisema kama anayemkumbusha mtu mwavuli. "Wewe umeajiriwa na bodi, si na serikali. Mwalimu wa sanaa ndiye wa kwanza kuangaliwa, unajua hivyo. Ukisimama pale mbele, mimi nitakutetea na nini?"

Kageha aliegemea nguzo. Aliyajua yote hayo. Aliijua kodi ya chumba chake, alivijua visanduku vya mkaa vilivyobaki kabatini. Akatazama ng'ambo, akamwona Chepkorir bado amesimama palepale, na watu wanampiga picha na simu wakimwambia atabasamu. Mtoto hakutabasamu.

Alimwendea, akapiga magoti mbele yake.

"Chepkorir, niangalie. Hukukosea. Picha yako ilikuwa sawa vile ulivyoileta. Kuna mtu mzima aliyeibadilisha bila ruhusa yako na bila mimi kujua. Nikienda kuwaambia wale waamuzi, watautoa huo utepe. Shule yetu itaondolewa. Picha ni yako, kwa hiyo wewe ndiye wa kuniambia. Niende, au nisiende?"

Mtoto alifikiri. Alifikiri kwa dhati, akiuma ndani ya shavu, kama anavyofikiri akipima urefu wa kitu kwa penseli.

"Wautoe," alisema mwishowe. "Gogo akiiona hii atauliza huyu ni nani."

Kageha aliinuka, akaishika fremu kwa mikono miwili, akaing'oa msumarini. Ukumbi ukaanza kuguna. Alitembea nayo kuelekea meza ya waamuzi, Chepkorir akimfuata nyuma ameshika pindo la sweta yake, na kila hatua alikuwa anapanga maneno na kila hatua maneno yalikuwa yanamtoroka. Alipofika, mkono mwingine ulimtangulia kwenye kipaza sauti.

Alikuwa Titus. Nywele zake zilikuwa zimelowa mvua na maji yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye ukosi.

"Samahani, Mama Mwamuzi," alisema, na sauti yake ikalia pande zote za ukumbi, kubwa kuliko alivyotaka. "Mimi naitwa Titus Khaemba. Wengi hapa wananijua, nimewachorea mabango." Watu wachache walicheka. "Picha za hii shule, mimi ndiye nilipewa niziwekee fremu. Nikazichora juu. Zote. Mwalimu hakujua. Watoto hawakujua. Huyu msichana alichora nyanya yake na vidole vinne, kwa sababu nyanya yake ana vidole vinne. Mimi nikaongeza cha tano, nikidhani yeye ndiye amekosea."

Hakuna aliyecheka sasa.

"Hakukosea," Titus alisema. "Ni mimi."

Mwamuzi mkuu alivua miwani. Aliichukua picha kutoka mikononi mwa Kageha, akaiinamisha kwenye mwanga, akapitisha kidole juu ya ule mkono laini, na sote tunajua uso wa mtu aliyesifia kitu mbele ya watu kisha akagundua alichokisifia. Alinong'onezana na wenzake. Kisha akatangaza kwamba kazi za shule ile zimeondolewa mashindanoni, na nafasi ya kwanza inaenda Khwisero. Watoto wa Khwisero waliruka juu wakipiga mayowe. Madam Quinter alifunga mkoba wake, akatoka nje. Kutoka katikati ya ukumbi sauti ya mwanamume ilisema, "Fundi mwizi!" na wengine wakaitikia kwa miguno.

Titus alipita katikati yao bila kuinua kichwa. Alimsubiri Kageha mlangoni.

"Kageha."

"Sasa hivi usiniite," Kageha alisema. "Sasa hivi nina watoto wa kupeleka nyumbani."

Akawahesabu watoto wake mmoja mmoja wakipanda basi, akapanda, akaketi karibu na Chepkorir. Basi lilipoondoka hakutazama nyuma. Lakini alijua, bila kutazama, kwamba Titus bado amesimama mvuani.

Wiki iliyofuata ilikuwa ngumu. Ofisini Madam Quinter alimsalimu kwa kichwa tu. Simu yake ilionyesha jina la Titus mara nyingi hadi akaigeuza kifudifudi juu ya meza. Hasira yake haikupoa. Ilibadilika tu, kama mkaa unaoacha kuwaka moto ukabaki mwekundu ndani. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba alikuwa na hamu ya kumwona Titus. Alikumbuka namna alivyokuwa akiingia darasani akinusa hewa na kusema, "Leo mmechanganya kijani, nasikia harufu." Unawezaje kumkasirikia mtu mpaka meno yakuume, na wakati huohuo ukawa unasikiliza kama pikipiki inayosimama langoni ni yake?

Alipokwenda kwao, mama yake alimwandalia chakula. Baba yake alikula hadi mwisho, kisha akanawa mikono kwa muda mrefu.

"Yule kijana," Mzee alisema, akitazama maji. "Nilidhani atakimbia."

"Hata mimi," Kageha alijibu.

Mzee alijifuta mikono, akaikunja taulo. "Sikupaswa kumwita bila wewe kujua," alisema, na akaondoka mezani. Kwa Mzee Elkanah, hayo yalikuwa maneno mengi sana.

Ijumaa Titus alikuja shuleni.

Hakuingia. Alisimama mlangoni pa darasa, kofia mkononi, na watoto wote wakaacha kuchora kwa pamoja kama mtu amezima redio. Mmoja wa wavulana wa nyuma alimzomea, Kageha akamnyamazisha.

"Mwalimu," Titus alisema. "Sikuja kwako. Nimekuja kuwaomba watoto msamaha."

"Basi waombe," Kageha alisema, akarudi kupanga karatasi zake ili mikono iwe na kazi.

Titus aliwaomba msamaha. Hakujitetea. Aliwaambia alichofanya, picha moja baada ya nyingine, akimtaja kila mwenye picha kwa jina, na alipofika kwa Chepkorir akamgeukia kabisa. Kisha akasema, "Mkitaka niondoke nisirudi, nitaenda. Mkiwa na adhabu nyingine, nitaifanya."

Darasa lilijaa minong'ono. Wengine walitaka afagie uwanja. Wengine walitaka aruke kichura. Chepkorir aliinua mkono.

"Akae tumchore," alisema. "Na asiguse."

Kwa hiyo walimweka kwenye kiti mbele ya ubao, wakamgeuza kidogo upande wa dirisha ili mwanga umguse shavu, jinsi mwalimu wao alivyowafundisha. Wakanyoosha mikono, wakafumba jicho moja, wakampima kwa penseli. Mkaa ulianza kukwaruza. Kageha alipita kati ya madawati. Mmoja alimchora na masikio makubwa kama sahani. Mwingine alisahau shingo. Mwingine alikuwa amemkamata sawasawa, hasa namna mabega yake yalivyolegea, na Kageha alisimama pale kidogo.

Titus aliweza kuona karatasi za safu ya mbele kutoka kitini. Aliona pua yake ikienda kombo. Aliona taya lake likiwa refu kama la farasi. Kageha aliona vidole vyake vikicheza juu ya goti, vinatamani penseli, na akaona jinsi alivyovikunja vikawa ngumi akavituliza.

Alimwendea, akasimama mbele yake kama mwalimu anayeangalia kama mwanga umekaa vizuri. Hakuwa amemtazama tangu siku ya ukumbi. Sasa alimtazama vilivyo, kama anavyowaambia watoto watazame: makunyanzi mapya chini ya macho, ndevu ambazo hakuzinyoa, mshipa uliokuwa ukipiga shingoni. Titus aliinua macho yake.

"Umenisamehe?" alinong'ona, midomo haisogei sana.

"Funga mdomo," Kageha alimjibu kwa sauti ileile ya chini. "Watoto wanachora mdomo."

Akajitafutia kiti kidogo cha mtoto, akakiweka katikati ya safu ya kwanza, pembeni ya Chepkorir. Akaomba karatasi. Akachukua kipande cha mkaa, akainua uso, akaanza kumchora, akianzia na macho.